Kaya za vilimani: zilianza kama ngome, au zilikuwa mahali pa ibada tangu mwanzo?

#1 Mkazi wa Mazeras

Salamu kwenu nyote. Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi pale Mazeras ukashika ile ya Kaloleni, huendi mbali kabla ya kuiona Rabai imekaa juu ya mgongo wa kilima, minazi na mahindi vimetanda kwenye miteremko, kisha unakutana na msitu mweusi uliosimama peke yake kama kichwa ambacho hakijawahi kunyolewa. Hiyo ndiyo kaya, mahali pa kijiji cha kale cha Wamijikenda, watu wa pwani hii ya Kenya. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba mle ndani hauvunjwi hata ujiti wa kuchokolea meno.

Kinachonisumbua ni hiki. Wanaowatembeza wageni husema kwamba kaya ilikuwa ngome: Wamijikenda walipanda vilimani wakiwakimbia Wagalla, wakajificha msituni, na baadaye mahali pao pa kujificha pakageuka patakatifu. Wazee wa kaya wanasema kinyume chake. Wao husema kwamba fingo, yaani kile kitu kitakatifu cha kinga, lilizikwa kwanza, kisha nyumba zikajengwa kulizunguka, kwa hiyo hapakuwa na siku hata moja ambayo watu walikaa pale bila utakatifu kuwapo. Mimi naegemea upande wa wazee, lakini ningependa kusikia hoja zenu. Ngome ilitangulia, au ibada?

#2 Mwalimu wa Historia

Asante kwa mada, ndugu. Nitaeleza kama tunavyofundisha darasani. Mapokeo ya makabila yote tisa ya Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, yanataja asili moja, Singwaya, kaskazini mwa Mto Tana kuelekea Mto Juba. Yanasimulia pia ugomvi na Wagalla, ambao leo tunawaita Waoromo, uliowalazimu kuhama kuja kusini. Kaya za kwanza zinahesabiwa kuanzia karne ya 16. UNESCO ilipoiingiza misitu hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilizieleza kuwa mabaki ya vijiji vyenye boma vilivyotawanyika katika pwani yenye urefu wa kilomita 200 hivi, na kwamba kufikia miaka ya 1940 vilikuwa vimeachwa.

Utazame mpangilio wenyewe. Kijiji kiko juu ya kilima, kimezungukwa na msitu mnene, njia za kuingilia ni chache na nyembamba, na kila njia ina malango yake. Huo ni mpangilio wa watu wanaomtarajia adui. Katika karne ya 19 waliongezeka Wamaasai, na msitu uleule ukawafaa tena. Watu walipoanza kuona usalama, waliteremka kulima mabondeni, na waliobaki juu wakawa ni wafu wao. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ngome ilitangulia, na utakatifu ulikuja na makaburi.

#3 Nyevu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umelitazama boma ukamsahau mwenye nyumba. Mimi ni Mgiriama. Hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliposimulia habari za kaya hakuanza na Wagalla hata siku moja. Alianza na fingo: lilitoka Singwaya, lilibebwa na watu maalumu, na haikuwezekana kukata mti wa kwanza wa kujenga kabla halijakaa ardhini. Sasa niambie, mtu anayekimbizwa na mikuki anapata wapi nafasi ya kuchagua mahali kwa utaratibu wa namna hiyo, kama si kwamba utaratibu wenyewe ndio uliokuwa kinga yake?

Kwa wazee wetu fingo ndilo lililokuwa ukuta. Miti na malango yalikuja kulisaidia. Ukitenganisha ulinzi na ibada unaleta mgawanyo ambao waliojenga kaya hawakuwa nao.

#4 Vigae na Majivu

Naomba kusahihisha jambo moja katika bandiko namba 2, maana limerudiwa sana hadi watu wanalichukua kama aya ya kitabu kitakatifu. Karne ya 16 si mwanzo wa watu kukaa kwenye vilima hivi. Henry Mutoro alichimba katika kaya kadhaa miaka ya 1980 na akapata ushahidi wa makazi yaliyotangulia tarehe hiyo kwa karne nyingi. Miaka ya 1990 Richard Helm alipita katika eneo la nyuma ya Mombasa na Kilifi, akakuta vijiji vya wakulima na wafua chuma vya milenia ya kwanza, vyenye vyungu vya aina ileile inayopatikana katika tabaka za chini kabisa za miji ya kale ya Waswahili.

Maana yake ni kwamba kabla ya tarehe inayotajwa ya kuwakimbia Wagalla, tayari kulikuwa na watu hapa wakilima, wakifua chuma na kufanya biashara na pwani. Basi hoja ya kwamba kaya ni kambi ya wakimbizi inahitaji kupimwa upya.

#5 Mwalimu wa Historia

Nakubali masahihisho kuhusu makazi, lakini usiniharakishe. Kigae hakisemi lugha wala hakitaji kabila. Kwamba watu waliishi juu ya kilima mwaka 900 hakuthibitishi kwamba kilima hicho kilikuwa kaya, chenye fingo, malango na kambi, yaani baraza la wazee. Kijiji kinaweza kuwa cha kale, na kaya ikawa mpangilio mpya uliowekwa juu yake wakati wa hatari.

Tena, habari ya kuhama haimo katika midomo ya Wamijikenda peke yao. Maandishi ya Kiarabu yanayojulikana kama Kitabu cha Wazanj yanawataja Wakashuri, watu weusi wa pwani, wakisukumwa kutoka Singwaya na Wagalla. Huwezi kuyafuta yote kwa chungu kimoja.

#6 Bara Hadi Pwani

Niruhusuni kuingia kama mgeni. Mimi ni Mchaga wa Rombo, na nimeishi Mombasa miaka mingi. Nilipofika nilichekwa niliposema kwamba Warabai ni ndugu zetu, lakini baadaye nikakuta kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai miaka ya 1840, aliandika kuwa Warabai walisemekana kutoka Rombo, huko Uchagani. Si mimi niliyesema. Mwenzake Johannes Rebmann ndiye aliyeondoka Rabai akaja kwetu na kuiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na wasomi wa Ulaya wakakataa kuamini. Basi, watani zangu, mlipotutembelea mlikuwa mnarudi nyumbani.

Swali langu la dhati ni hili: kama Warabai walikuwa na simulizi ya Rombo wakati wa Krapf, Singwaya iliwafikia lini?

#7 Mzee wa Barazani

Karibu, mtani. Umegusa kidonda cha zamani. Mwanahistoria Morton alileta hoja hiyohiyo miaka ya 1970. Alisema kwamba katika maandishi ya mapema ya karne ya 19 Wamijikenda wenyewe hawaonekani wakijitaja kuwa watu wa Singwaya, na kwamba simulizi hiyo ilienea baadaye, ilipokuwa na faida kujitambulisha kwa asili moja yenye heshima. Thomas Spear alimjibu kwamba mapokeo ya makundi tisa yaliyokaa mbalimbali yanakubaliana katika mambo mengi mno kuweza kuwa ya kuazima. Wengine waliowafuata wakasema kwamba huenda kundi dogo lilitoka kaskazini na mila zake, likawakuta wenyeji, kisha hadithi ya wachache ikawa hadithi ya wote.

Mkumbuke pia kwamba hata jina Mijikenda, yaani miji tisa, lilishika katika miaka ya 1940. Kabla yake waandishi waliwaita Wanyika, watu wa nyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Watu wakipata jina moja hutafuta pia chimbuko moja. Sisemi kwamba Singwaya ni uongo. Nasema kwamba simulizi nayo ina umri wake, na umri huo si lazima ulingane na umri wa msitu.

#8 Mpenda Miti

Naona mnazungumza juu ya watu tu. Msitu wenyewe ni shahidi, na hamjamhoji. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka kaya moja baada ya nyingine katika miaka ya 1980, na waliyoyaorodhesha yalionyesha kwamba vipande hivi vidogo, vingine vya hekta chache na vingine vya mamia, vimehifadhi mimea adimu ambayo imetoweka kwingineko pwani. Kuna mbambakofi mle, kuna mvule, na kuna miti ambayo huioni tena hadi ufike katika kaya nyingine kilomita nyingi mbele. Mimea ya namna hiyo haioti upya katika vizazi viwili vitatu. Msitu ulikuwapo kabla ya kijiji, na kijiji kilikatwa katikati yake kama shimo la pete.

Sasa, kwa nini ulikuwapo pale juu? Tazama jiwe. Upande wa Kambe na Jibana kuna mawe ya chokaa ya zama za dinosaria, ambayo wanajiolojia wameyaita kwa jina la Kambe lenyewe. Ni miamba yenye nyufa na mapango, na jembe haliingii kwa urahisi. Matuta haya pia ndiyo ya kwanza kuupokea upepo wa bahari wenye mvua. Panapokuwa na mvua na jiwe, msitu hustawi na mkulima hupita pembeni. Nadhani kilima kilijihifadhi chenyewe kwanza, watu wakakuta hifadhi tayari, wakaitumia, kisha wakaieleza kwa lugha ya ibada.

#9 Nyevu

Ndugu Mpenda Miti, jiwe lako ni zuri lakini halitoshi. Vilima vya mawe visivyokuwa kaya viko vingi katika Kilifi na Kwale, na leo ni vipara. Watu wamechoma makaa, wamepasua kokoto, wamepanda mahindi katikati ya majabali. Kilichobaki na miti ni kile ambacho mtu akikata anaitwa mbele ya wazee na kulipa mbuzi. Na hata hivyo hofu hiyo ilipopungua miti nayo ilipungua. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalilazimika kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa zinazolindwa kisheria. Kama jiwe lingekuwa mlinzi, pasingekuwa na haja ya gazeti la serikali.

#10 Mdigo wa Kwale

Nimesoma hadi hapa kwa utulivu, lakini mjadala wote unadhani kwamba kaya ni kilima. Njooni kusini. Kaya Kinondo, iliyo mojawapo ya zile za Urithi wa Dunia, iko katika ardhi tambarare karibu na bahari upande wa Diani. Hakuna mlima pale. Mgeni akifika huvikwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, huambiwa asiondoke na kitu hata jani lililoanguka, na heshima ni ileile mnayoieleza huko Rabai na Jibana.

Kama kaya ilianza kwa sababu ya kilima kigumu kushambuliwa, au kwa sababu ya jiwe lisilolimika, basi Kinondo ilianzaje? Na sisi Wadigo wengi wetu ni Waislamu kwa vizazi kadhaa, lakini mvua ikikawia utasikia watu wazima wakiulizana kama wazee wameingia kaya. Kinachofanana katika kaya zote ni msitu, uwanja wa katikati na kile kilichozikwa. Kilima ni bahati ya wenzetu wa kaskazini.

#11 Mpenda Miti

Hoja ya Kinondo nimeipokea, nayo imenilegezea mshipi. Hata hivyo, pale pia kuna mawe ya matumbawe yanayochomoza juu ya ardhi, na mkulima hayapendi. Sijashindwa bado.

#12 Jicho la Kaloleni

Hakuna aliyeitaja Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, na bila Fungo swali la mleta mada halijibiki. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vijana wa kufanya kazi katika mashamba na barabara. Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama, alizunguka akicheza ngoma ya kifudu na kukusanya watu, akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola. Waliitisha mkutano mkubwa katika kaya, na viapo viwili vikatolewa, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hakuna atakayewasaidia Wazungu. Kazi ya serikali ikasimama. Mekatilili na Wanje walikamatwa wakapelekwa Mumias, na mwezi Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti.

Fikirini jambo hili. Kufikia mwaka huo Wagiriama walikuwa wametawanyika hadi ng'ambo ya Mto Sabaki, na waliokuwa wakilala ndani ya Fungo walikuwa wachache mno. Hapakuwa na jeshi mle wala ghala la silaha. Kama ingekuwa ngome tu, ilikuwa ngome tupu. Kwa nini basi serikali yenye bunduki ilipue msitu? Kwa sababu iliona kwamba pale ndipo amri zinapotoka. Mimi nasema kwamba kaya haikuwa boma la vita, na haikuwa hekalu. Ilikuwa makao ya utawala. Uwanja wa katikati, moro, ndipo kambi ya wazee ilipokaa kuamua kesi, mashamba, mahari na vita, na ibada ilikuwa namna ya kuyatia maamuzi hayo nguvu.

#13 Vigae na Majivu

Sahihisho dogo: walipelekwa Kisii, si Mumias. Walitoroka mapema mwaka 1914 wakarudi Pwani kwa miguu, umbali unaopita kutoka Nairobi hadi Mombasa. Alipokamatwa mara ya pili, Mekatilili alipelekwa Kismayu.

#14 Jicho la Kaloleni

Asante, nimekubali, ni Kisii. Nyumbani kwetu husemwa Mumias na nilikua nikiamini hivyo.

#15 Msomaji Kimya

Nimekuwa nikifuatilia bila kuandika. Nilipokuwa masomoni Marekani niliona katika jumba moja la makumbusho vile vibao virefu vya miti vyenye vichwa vya duara na michongo ya pembetatu, na maelezo yakasema vimetoka katika kaya za Kenya. Je, hivyo havionyeshi kwamba kaya zilikuwa makaburi zaidi ya kitu kingine, kama Mwalimu alivyodokeza mwishoni mwa bandiko lake la kwanza?

#16 Nyevu

Ndugu yangu, hivyo ni vigango, na maelezo uliyoyasoma yalikosea. Kigango hakisimamishwi katika kaya. Husimamishwa bomani kwa ukoo, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, na kwa asiyekuwa Gohu husimamishwa koma, kijiti kidogo zaidi. Mji ukihama, vigango huachwa palepale, kwa sababu roho iliyotulia haihamishwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya wezi, maana walikuta vibao mahameni wakasema havina mwenyewe.

Kwetu kilichukuliwa kimoja, cha kaka yake babu. Nilikuwa msichana mdogo. Aliyekichukua alikuwa kijana wa palepale, na aliyemlipa alikuwa mnunuzi kutoka mjini ambaye hatukumwona uso. Yaliyofuata katika ukoo wetu, magonjwa na ugomvi, kila mtu aliyaunganisha na shimo lile tupu, na hadi leo shangazi yangu hapiti njia ile. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani na familia yenye haki ikavipokea kwa ngoma. Nilifurahi kwa ajili yao na nikalia kwa ajili yetu. Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada, lakini msichanganye vigango na kaya.

#17 Msomaji Kimya

Pole sana, dada. Nashukuru kwa kunielimisha.

#18 Mwana wa Kasisi

Nirudi Rabai kwa mleta mada. Watu husahau kwamba kilima hicho kina historia mbili za dini zinazotazamana. Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao pale mwaka 1846, na Rebmann akabaki hadi mwaka 1875 akiwa karibu haoni. Waribe nao walipata wamisionari wa Kimethodisti, akiwamo Charles New aliyefika hadi kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Wote hao walikwenda kuishi kando ya kaya, na hilo si ajabu, kwa kuwa ndipo walipokuwa wazee wenye ruhusa ya kuwapa mahali pa kukaa.

Baba yangu alikuwa mhubiri na alitukataza kuingia kaya kwa maneno makali. Niliingia nikiwa mtu mzima, baada ya kuomba ruhusa na kutoa kilichohitajika. Nilichosikia mle ni sala kwa Mulungu. Mizimu ya wazee ilitajwa kwa majina, lakini iliombwa ipeleke maneno mbele, haikuombwa itende yenyewe. Nilitoka nikiwa bado Mkristo. Kwa hiyo ninaposikia kaya ikiitwa makao ya utawala tu, kama ilivyosemwa katika bandiko namba 12, nahisi kwamba kuna kitu kimeachwa mlangoni.

#19 Bara Hadi Pwani

Nauliza kwa heshima, nisieleweke vibaya. Wengi wetu tuliokuwa Mombasa mwaka 1997 neno kaya tulilisikia kwa mara ya kwanza katika machafuko ya Likoni, iliposemwa kwamba vijana walikula kiapo Kaya Bombo. Je, hilo halimpi nguvu yule anayesema kwamba kaya ni mahali pa vita tangu mwanzo?

#20 Mdigo wa Kwale

Umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu hivyohivyo. Ni kweli kwamba Kaya Bombo ilitajwa katika uchunguzi wa Tume ya Akiwumi, ile iliyochunguza machafuko ya kikabila. Lakini kiapo hupelekwa mahali ambapo watu wanaamini uongo hauwezi kusimama. Mlaghai naye hukitafuta chombo cha kweli ili apate kuaminiwa. Wanasiasa waliohitaji vijana wasirudi nyuma walijua ni wapi pa kuwaapisha. Kama pale pangekuwa ngome ya kale tu, kiapo chake kisingemtisha mtu. Tukio lile lilituumiza sisi zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu baada yake mzee aliyevaa kitambi na kushika bakora alitazamwa na polisi kama mhalifu.

#21 Mwalimu wa Historia

Hapo nakuunga mkono. Nami naongeza kwamba viapo vya mwaka 1913 na vya 1997 visiwekwe katika kapu moja, kwani vya kwanza viliitishwa na wenye kaya wenyewe mbele ya watu wao.

#22 Fundi wa Maneno

Mmejadili kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Katika Kiswahili cha leo kaya ni watu wa nyumba moja wanaopika pamoja, na karani wa sensa huhesabu kaya. Katika lugha za Kimijikenda ni vivyo hivyo, kaya ni nyumbani, ni mji. Waliokaa mle hawakupaita ngome, na hawakupaita mahali pa kuabudia. Walipaita kwao.

Kuna jina jingine ambalo mleta mada anapaswa kulitafakari, kwa kuwa liko karibu naye. Moja ya kaya za Rabai inaitwa Mudzimuvya, na maana yake ni mji mpya. Krapf mwenyewe aliandika Rabai Mpya. Mpya kuliko upi? Warabai wana Kaya Bomu, wana Kaya Fimboni, wana kaya zaidi ya moja juu ya matuta yaleyale. Watu walihama kutoka kilima kimoja hadi kingine, nazo zile walizoziacha hazikurudi kuwa pori la kawaida. Ziliendelea kuwa kaya. Hilo linamsaidia Mwalimu, kwa sababu linaonyesha kwamba mahali hubaki patakatifu baada ya watu kuondoka. Linamsaidia pia Nyevu, kwa sababu ule mji mpya uliitwa kaya siku ambayo haukuwa na kaburi hata moja.

#23 Mzee wa Barazani

Fundi, umenifanya nirudi kusoma tangu bandiko la kwanza. Lakini hoja yako inategemea jambo moja. Ikiwa Mudzimuvya ilipata fingo lake lililochukuliwa kutoka kaya ya zamani, basi utakatifu ulibebwa na watu. Ikiwa lilitengenezwa jipya palepale, basi waganga walikuwa na uwezo wa kuanzisha utakatifu popote walipouhitaji, na Mwalimu anaweza kusema kwamba waliuanzisha kwa sababu ya vita.

#24 Mpenda Miti

Na ikiwa walichagua kilima chenye msitu tayari kabla ya kuzika chochote, basi nami bado nimo.

#25 Mkazi wa Mazeras

Nawashukuru wote. Niliingia na swali moja, sasa nina matano. Jumamosi nitapanda Rabai pamoja na mjomba wangu, ambaye anafahamiana na wazee wa pale. Nimeamua kuuliza jambo moja tu, lile la Mzee wa Barazani: fingo la Mudzimuvya lilitoka Bomu, lilitoka Fimboni, au lilizikwa jipya?

#26 Nyevu

Usiulize lilipo. Uliza lilikotoka, na umwache mjomba wako aanze kuzungumza. Na mkiambiwa mvue viatu, vueni kabla ya lango, si baada yake.